Mahindi Yasiyo na Jina

Frank Norris alikufa San Francisco mwezi Oktoba 1902, akiwa na miaka 32, baada ya kidole tumbo kupasuka. Alikuwa amepanga kuandika riwaya tatu kuhusu ngano. Ya kwanza, The Octopus, ilitoka 1901 na inawahusu wakulima wa California wanaopambana na kampuni ya reli. Ya pili, The Pit, ilitoka 1903 mwandishi akiwa tayari kaburini, nayo inamhusu mlanguzi wa Chicago anayetaka kuidhibiti ngano yote ya soko. Ya tatu ilikuwa iitwe The Wolf. Hiyo ndiyo ingeisafirisha ngano ng'ambo, hadi kwa watu wenye njaa ambao wangeila. Haikuandikwa.

Riwaya hiyo isiyokuwepo hunijia kichwani mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu. Ninaandika habari za biashara, na sehemu kubwa ya habari hizo ni mahindi: bei ya gunia Kibaigwa, foleni ya malori Namanga, nani kafunga mpaka na nani kaufungua. Ukikaa na habari za aina hii kwa miaka, unamzoea mkulima na unamzoea mlanguzi. Mnunuzi wa mwisho, yule wa mbali, anabaki kama mtu aliyeketi tu mezani akisubiri kupakuliwa. Eti kazi yake ni kula na kulipa.

Historia ninayotaka kuisimulia hapa inamweka mnunuzi huyo katikati. Mara mbili ndani ya miaka 15, mtu aliye mbali alisema "haya siyataki", na soko la mahindi la Marekani, taifa linalovuna mahindi mengi kuliko lingine lolote duniani, likayumba. Yaliyokataliwa hayakuwa mabovu. Yalikuwa ya njano, makavu, hayana wadudu wala ukungu. Tatizo ni kwamba ndani yake mlikuwa na punje za mbegu ambayo aliyekataa hakuwa ameipa kibali.

Kuelewa jinsi punje chache zinavyoweza kuangusha bei ya tani milioni kadhaa, inabidi turudi nyuma kidogo, Chicago ya katikati ya karne ya 19.

Kabla ya hapo mkulima wa Illinois alisafirisha nafaka yake kwenye magunia. Gunia lilikuwa na mwenyewe, na liliendelea kuwa na mwenyewe hata likipita mikono mitano njiani. Mnunuzi alilifungua, akachota, akatafuna punje mbili, akauliza limetoka kwa nani. Biashara hii hatuhitaji kuhadithiwa. Dalali wa kwetu bado anachoma bambo kwenye gunia, anazimwaga punje kiganjani, anazipuliza pumba, kisha anataja bei huku akiangalia pembeni.

Mwaka 1842 kule Buffalo, New York, mfanyabiashara Joseph Dart alijenga ghala lililopandisha nafaka kwa nguvu ya mvuke. Maghala ya namna hiyo yakaenea hadi Chicago, na reli zikaja kuyalisha. Hapo gunia likawa kero. Mashine ile haikupenda magunia, ilipenda nafaka iliyo huru, inayotiririka kama maji. Sasa ukimwaga nafaka ya Petro na ya Paulo ndani ya kihenge kimoja, utajuaje ipi ni ya nani?

Jibu la wafanyabiashara wa Chicago lilikuwa kwamba hakuna haja ya kujua. Walikuwa wameanzisha bodi yao ya biashara mwaka 1848, na mwaka 1856 bodi hiyo ikaigawa ngano katika aina tatu na kuziwekea viwango. Ukileta mzigo ghalani unapewa stakabadhi: kiasi hiki, cha daraja hili. Siku ukirudi unapewa kiasi hichohicho cha daraja hilohilo, ila si lazima ziwe punje zako. Wasomaji wanaotoka kwenye korosho au ufuta watakuwa wanatabasamu, kwa sababu stakabadhi ghalani wanaijua, pamoja na maneno yake. Mwanahistoria William Cronon ameyaeleza haya yote katika Nature's Metropolis, kitabu cha mwaka 1991 ambacho kinasomeka kama riwaya japo kinazungumzia maghala na reli. Hoja yake moja imenikaa: stakabadhi iliitenganisha nafaka na shamba ilikotoka, na baada ya hapo karatasi yenyewe ikawa ndicho kitu kinachouzwa na kununuliwa. Watu wakaanza kuuza mahindi ambayo hayajavunwa kwa watu ambao hawatayaona kamwe. Mlanguzi wa Norris anatokea humo.

Mfumo huo ndio uliopo hadi leo. Mkataba mmoja wa mahindi pale Chicago ni busheli 5,000, karibu tani 127. Daraja linalotajwa zaidi ni namba 2 ya njano. Ili mahindi yafike daraja hilo, punje zilizovunjika pamoja na takataka zisizidi asilimia 3, zilizoharibika zisizidi asilimia 5, na busheli iwe na uzito usiopungua paundi 54. Visome viwango hivyo toka juu mpaka chini: hutakuta mahali panapouliza mbegu ilikuwa ya nani. Na hapo ndipo ulipo urahisi wake. Mahindi yasiyo na jina yanakwenda haraka, yanachanganywa, yanapakuliwa, na yule wa Tokyo ananunua kwa simu kitu ambacho hajakishika.

Mwaka 1996 wakulima wa Marekani wakaanza kupanda kibiashara mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Yale ya Bt yalipewa kinasaba cha bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ili mmea ujitengenezee wenyewe protini inayoua viwavi wanaotoboa bua. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya dawa na ya usingizi. Kwa mwenye ghala hakukuwa na mabadiliko yoyote: punje ni ileile ya njano, daraja ni lilelile namba 2. Kisheria, hata hivyo, punje ilikuwa imepata tena jina, maana kila aina mpya inaombewa kibali chake, na kila nchi inatoa kibali hicho kwa wakati wake. Mbegu ileile ikawa halali Iowa leo, halali Japani mwakani, na haramu kwingine hadi itakapotangazwa vinginevyo. Mabomba ya ghala hayakujua lolote kuhusu hilo.

Kisa cha kwanza kinaitwa StarLink. Hii ilikuwa mbegu ya Bt iliyomilikiwa na kampuni ya Aventis, yenye protini iitwayo Cry9C. Protini hiyo ilichelewa kumeng'enywa kuliko nyingine za jamii yake, na kuchelewa huko ni moja ya dalili ambazo wataalamu huziangalia wanapohofia mzio. Mwaka 1998 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ikatoa kibali nusu. StarLink ilimwe, lakini iende kwa mifugo au kwenye viwanda vya ethanoli. Binadamu asiile.

Kwenye karatasi kibali hicho kinaeleweka. Hebu kipeleke shambani. Chavua ya mahindi inapeperushwa na upepo, kwa hiyo mkulima alitakiwa kuacha ukanda wa futi 660, kama mita 200, kati ya StarLink na mahindi mengine. Mashine ya kuvunia inatoka shamba hili na kuingia lile ikiwa na punje tumboni. Lori linakwenda ghala la karibu, na pale ghalani hakuna mlango wa ng'ombe na mlango wa watu. Wapo wakulima waliosema baadaye kwamba hawakuambiwa chochote kuhusu sharti hilo walipouziwa mbegu.

Tarehe 18 Septemba 2000, muungano wa asasi zinazoipinga teknolojia hii ulitangaza kwamba umepeleka maabara maganda ya taco, zile chapati ngumu za mahindi zilizokunjwa, yaliyouzwa madukani kwa jina la Taco Bell, na vipimo vimekuta StarLink. Ndani ya siku chache kampuni ya Kraft ikayaondoa madukani. Wengine wakafuata, hadi bidhaa zaidi ya 300 zikaondolewa. Baadhi ya walaji walilalamika kwamba wamedhurika. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilipima damu ya baadhi yao na mwaka 2001 kikaeleza kwamba hakikupata ushahidi kuwa Cry9C ndiyo iliyowaletea mzio.

Kiafya, basi, kisa kingeweza kuishia hapo. Kibiashara ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza. Japani, mteja mkubwa kuliko wote wa mahindi ya Marekani wakati huo, ilikuta StarLink kwenye mahindi yaliyoingia kwake. Korea Kusini nayo ikaikuta. Wanunuzi wa nchi hizo mbili wakaanza kudai vipimo kabla ya meli kung'oa nanga, na wengine wakahamishia oda kwingine, ikiwemo Brazil, ambayo miaka hiyo ilikuwa haijaruhusu mahindi ya GMO. Serikali ya Marekani na kampuni husika wakaingia kazi ya kuisaka StarLink na kuinunua ili iondoke sokoni. Vipimo viliendelea kukuta masalia yake miaka kadhaa baada ya mbegu yenyewe kufutwa.

Mwaka 2000 StarLink ilikuwa imepandwa kwenye ekari zipatazo 350,000 tu, chini ya asilimia moja ya eneo lote la mahindi la Marekani. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Colin Carter na Aaron Smith, walitafuta namna ya kupima hasara iliyosababishwa na hiyo asilimia isiyotimia. Walichukua mtama kama mizani. Mtama na mahindi huliwa na mifugo ileile, hivyo bei zao kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja kama ng'ombe wawili waliofungwa nira. Mahindi yakishuka huku mtama ukibaki, kuna jambo limeyapata mahindi peke yake. Katika utafiti wao uliochapishwa 2007 walikuta kwamba StarLink ilipunguza bei ya mahindi kwa asilimia 6.8, na punguzo hilo lilidumu kwa angalau mwaka mzima.

Asilimia 6.8 ilikatwa kwenye bei ya kila mtu. Mkulima ambaye hakuwahi kuligusa gunia la StarLink aliuza kwa bei ileile ya chini aliyouzia jirani yake aliyeipanda. Ndivyo soko lisilo na majina linavyofanya kazi: kama faida inagawanywa bila kuuliza, hasara nayo inagawanywa bila kuuliza. Wakulima wa aina hiyo walishitaki, na mwaka 2003 wakapata suluhu ya dola milioni 110.

Kabla sijafika kisa cha pili, kuna kingine kilichopita katikati ambacho kiko karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 2002 ukame uliipiga kusini mwa Afrika. Zambia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 waliohitaji chakula. Marekani ilitoa mahindi ya msaada, nayo yalitoka kwenye maghala yaleyale, yamechanganyika kama kawaida, na Wamarekani walieleza kwamba hawawezi kuyatenganisha. Rais Levy Mwanawasa akayakataa. Zimbabwe na Msumbiji zilikubali kwa sharti kwamba yasagwe kwanza.

Sharti la kusagwa linastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu linafichua hofu ilikuwa ipi. Unga wa mahindi ya GMO una vinasaba vilevile vilivyomo kwenye punje. Kilichotofautiana ni kwamba unga hauoti. Mwanakijiji akipewa punje nzima wakati wa njaa, akili yake humwambia ale nusu na nusu aifukie ardhini mvua ikija. Baada ya hapo chavua ingefanya kazi yake, na nchi ingekuwa na mbegu ambayo haikuiomba na haiwezi kuirudisha. Hofu ya afya ilikuwepo Lusaka, lakini na hofu ya soko la Ulaya ilikuwepo pia. Wengi wameandika kwamba Mwanawasa aliwanyima chakula watu wake, wengine kwamba aliwalinda. Mimi naona alikuwa na njaa iliyokuwa inaonekana mkono wa kulia, na mkono wa kushoto mteja wa kesho ambaye angeweza kusema "haya siyataki". Uzito wa njaa unajulikana. Uzito wa yule mteja ndio ambao StarLink ilikuwa imetoka kuuonyesha miaka miwili kabla.

Sasa kisa cha pili, ambacho ni kikubwa zaidi kwa fedha. Kampuni ya Uswisi, Syngenta, ilitengeneza mbegu iliyoiita Agrisure Viptera, yenye badiliko la kinasaba lililosajiliwa kama MIR162. Marekani iliidhinisha mwaka 2010, bila kibali nusu safari hii: iliwe na mifugo, iliwe na watu. Syngenta ikaomba kibali China mwaka huohuo wa 2010, na bila kukisubiri ikaanza kuuza mbegu kwa msimu wa 2011.

Wakati ombi linapelekwa, China haikuwa mnunuzi wa maana wa mahindi. Lakini mambo yalibadilika upesi. Mwaka 2012 iliagiza tani zipatazo milioni 5.2, nyingi kutoka Marekani. Wenye maghala waliiona hatari mapema. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya nafaka iitwayo Bunge (haina uhusiano wowote na lile la Dodoma) ilibandika matangazo kwenye maghala yake kwamba haitapokea Viptera, kwa sababu China haijaikubali. Syngenta ikaikimbilia mahakamani ili ilazimishwe kupokea. Jaji akakataa kuilazimisha. Hata hivyo Viptera iliendelea kulimwa, na kwa kuwa ghala moja likikataa lipo jingine litakalopokea, ikaingia kwenye mkondo.

Neno mkondo hapa lichukue kama lilivyo. Mahindi ya kati ya Marekani hushuka Mto Mississippi kwa matishari, moja likibeba karibu tani 1,400, mengi yakifungwa pamoja na kusukumwa na boti moja hadi Louisiana. Huko yanapakiwa kwenye meli inayobeba tani 60,000 hivi. Ukifanya hesabu, meli moja ina matishari zaidi ya 40, na kila tishari lina mahindi ya malori mengi, na kila lori lina shamba lake. Viptera ilikuwa chini ya asilimia 3 ya eneo lililolimwa. Kupata meli nzima isiyo na punje yake hata moja ilikuwa kama kuchota ndoo ya bahari isiyo na chumvi, na vipimo vya kisasa vya vinasaba vinaona hata chumvi kidogo sana. China haikuwa na kiwango cha kuvumilia. Ipo au haipo, basi.

Novemba 2013 shehena ya tani zipatazo 60,000 ilikataliwa Shenzhen. Zikafuata nyingine. Kufikia Aprili 2014, chama cha wafanyabiashara wa nafaka na malisho cha Marekani kilihesabu tani milioni 1.45 zilizokuwa zimekataliwa, na kikakadiria hasara ya sekta nzima kuwa kati ya dola bilioni 1 na bilioni 2.9. Meli ziligeuzwa na kuuzwa kwa wanunuzi wengine wa Asia waliokuwa wameikubali mbegu hiyo, kwa bei ya mtu anayejua kwamba huna pa kwenda. Katikati ya 2014 China ikayabana na makapi ya mahindi yaliyokwisha kukamuliwa ethanoli, ambayo nayo huuzwa kama chakula cha mifugo. Wachina wakanunua mtama wa Marekani badala yake, kwa kuwa mtama haukuwa na mbegu za GMO, na wakanunua mahindi ya Ukraine. Mwaka 2015 Ukraine ndiyo iliyokuwa muuzaji mkuu wa mahindi kwa China. China ilikuwa imeikubali Viptera tangu Desemba 2014, lakini kibali hakikumrudisha mteja mahali alipokuwa.

Je, Wachina walikuwa na hofu ya kweli? Wapo wachambuzi wengi waliosema hapana. Serikali ya China ilikuwa ikinunua mahindi ya wakulima wake kwa bei ya juu na maghala yake yalikuwa yamefurika, kwa hiyo meli za mahindi ya bei rahisi zilikuwa kero, na MIR162 ikawa sababu nzuri ya kufunga mlango. Inawezekana kabisa. Ila mimi sioni kwamba hoja hiyo inabadilisha somo. Kibali kinachokosekana ni kitasa, na kitasa hakiulizi mwenye nyumba kwa nini leo kafunga. Aliyepakia meli akijua kibali hakipo alimpa mnunuzi haki ya kukataa siku yoyote bei ikimgeukia.

Kampuni ya Cargill ilishitaki Septemba 2014, na wakulima wakafuata kwa maelfu. Utetezi wa Syngenta haukuwa wa kipuuzi. Bei ya mahindi ilikuwa imevuka dola 8 kwa busheli Agosti 2012 kwa sababu ya ukame mkali. Mavuno ya 2013 yakavunja rekodi, bei ikashuka karibu nusu, na ilikuwa imeshashuka hata kabla ya meli ya kwanza kukataliwa. Kuitupia mbegu moja lawama zote ni kusahau mvua. Lakini jopo la wananchi mahakamani Kansas, Juni 2017, liliona kwamba sehemu ya hasara ilikuwa yake, likawapa wakulima wapatao 7,000 wa jimbo hilo dola milioni 217.7. Miezi mitatu baadaye Syngenta ikakubali suluhu ya nchi nzima, ya dola bilioni 1.51.

Wakati hukumu inatoka, Syngenta yenyewe ilikuwa inabadilisha mwenyewe. ChemChina, kampuni ya serikali ya China, ilitangaza mwaka 2016 kuinunua kwa dola bilioni 43 na ikakamilisha mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, nchi iliyozigeuza meli iliishia kuwa mmiliki wa kampuni iliyotengeneza mbegu. Norris angepewa njama hii na mhariri wake, nadhani angeikataa kwa kuwa haiaminiki.

Kwa nini haya yatuhusu sisi tunaopima mahindi kwa debe? Kwa sababu hali ya kibali kukosana na mpaka ipo hapahapa. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012. Tarehe 3 Oktoba 2022, katikati ya ukame mbaya kuliko yote ndani ya miaka 40, baraza la mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, na kesi zikaanza. Tanzania ilikuwa imekwenda upande mwingine: mwaka 2018 iliamuru majaribio ya mahindi ya GMO yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma, yasimamishwe. Siingii kwenye ubishi wa nani yuko sahihi kisayansi. Naangalia ramani. Nchi mbili jirani, zinazouziana mahindi kila msimu kwa njia za halali na za panya, zinashika sheria mbili tofauti juu ya punje zinazofanana kwa macho.

Tumeshapata kionjo cha jinsi kukataliwa kunavyokwenda. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache tu kabla ya kugeuzwa kuwa masharti, lakini siku hizo zilitosha kupanga malori mpakani na kuwatoa jasho wafanyabiashara. Sumukuvu ni sumu kweli, na inapunguzwa kwa kukausha vizuri na kuhifadhi vizuri. Kinasaba hakikaushwi. Kinapita na chavua, kinapita na mbegu ya akiba, kinapita na yule mama anayenunua mahindi ya chakula sokoni Januari na kuyapanda kwa kuwa mbegu ya dukani imemshinda bei.

Nikiulizwa na wanaotunga sera, nitasema swali la kwanza lisiwe kama mbegu ni salama tu. Hilo ni la lazima, lakini StarLink haikuthibitika kumdhuru mtu na Viptera ilikubaliwa hatimaye na aliyeikataa, na bado zote mbili ziliacha hasara ya mamilioni na mabilioni. Swali linalofuata ni nani mteja wetu, amekubali nini, na siku akikataa nani atalipa. Wakulima wa Kansas walilipwa kwa sababu kulikuwa na kampuni yenye jina, mahakama yenye nguvu, mawakili waliokuwa tayari kusubiri miaka, na rekodi za kila busheli iliyouzwa.

Lori la tani 30 linaloondoka Kibaigwa lina mahindi ya wakulima pengine 50, yaliyomwagwa pamoja kwenye turubai, yakachekechwa na kujazwa upya kwenye magunia ya dalali. Ni ghala dogo la Chicago lenye matairi. Likigeuzwa Namanga kwa sababu ya punje ambazo hakuna aliyejua zimo, dereva atapiga simu kwa tajiri, tajiri atampigia dalali, na msimu ujao dalali atashusha bei kwa wakulima wote 50. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa na risiti ya kumwonyesha jaji.